Karatasi Yenyewe Ndiyo Mchoro

Wazee wangu, walimu wenzangu na vijana wachoraji mliofika hapa Tabora,

Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, nami nitalirudia mpaka nilione linatendeka: mchoro halisi wa katuni uskaniwe kwa rangi, karatasi nzima, pembe hadi pembe, hata kama mchoraji hakutumia kitu ila wino mweusi.

Sababu yangu ilianzia Cheyo, hapa hapa Tabora. Mjane wa mchoraji mmoja alinifungulia sanduku la bati lenye kurasa kumi na moja za manila. Katika ukurasa mmoja marehemu alimchora kondakta akimvuta abiria mlangoni, na chini ya wino ilionekana penseli ya bluu hafifu: mkono wa kondakta ulichorwa mara tatu, kwanza ukiwa umeshika bega, kisha kola, na mwisho, ule uliotiwa wino, ukiwa umeng'ang'ania kikapu cha kuku. Hapo ndipo kichekesho kilipozaliwa, nami nilikiona kikizaliwa. Kiputo cha maneno kilikuwa kipande kilichobandikwa kwa gundi. Ukikiinua kwa ukucha, unasoma maneno ya awali. Nilizipeleka kurasa hizo steshenari, zikaskaniwa kwa mpangilio wa maandishi, yaani nyeusi tupu na nyeupe tupu, nikamrudishia mama karatasi zake. Mvua za mwaka ule mchwa walipitia tundu la kutu chini ya sanduku, wakazila zote.

Ninazo faili kumi na moja. Penseli ya bluu haimo hata chembe, na kiputo hakina kingo. Nilichookoa ni kile kile ambacho gazeti lilikwisha kukichapa.

Atasema mtu kwamba mchoraji alichagua bluu makusudi ili isionekane. Ni kweli: filamu iliyotumika kiwandani kupiga picha ukurasa kabla ya kuuchapa haikuikamata bluu ile, ndiyo maana hakuhangaika kuifuta. Lakini aliyefichwa ni msomaji wa gazeti, si wewe unayetaka kujifunza jinsi mkono unavyofikiri. Mwingine atasema faili za rangi ni nzito. Ukurasa wa inchi 11 kwa 17, kipimo cha kawaida cha wachoraji wa Marekani, ukiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi hufika megabaiti 200 hivi kabla ya kubanwa. Flashi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya kurasa 100 za namna hiyo. Nani kati yetu amekusanya kurasa 100?

Skana zetu ni za A4, basi skani vipande vinavyopandana kwa upana wa vidole vitatu, zima marekebisho yote ya mwanga, kisha uviunganishe kwenye kompyuta. Kiputo kinachobanduka kiskaniwe mara mbili, kikiwa kimelala na kikiwa kimeinuliwa. Geuza na mgongo pia, kwa maana huko ndiko mhariri alikoandika maagizo yake. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili ya picha inayoweza kutunza kila nukta. JPEG, aina inayopunguza uzito wa picha kwa kutupa baadhi ya taarifa zake, huchafua kingo za wino. Na tafadhali, msiniambie habari ya kamera ya simu: lenzi yake hupinda mistari ya pembeni, na mwanga haulingani.

Mwaka 2008 mtu asiyetaka kutajwa aliipa Maktaba ya Bunge la Marekani kurasa 24 halisi za mchoraji Steve Ditko, za toleo la 1962 la jarida la katuni ambamo Spider-Man alionekana kwa mara ya kwanza, na leo mtafiti anaweza kwenda kuzitazama. Sisi tuliokua tukiwasoma Ndumilakuwili na Lodi Lofa, wahusika wa katuni zetu za Kiswahili, ni nani hapa anayeweza kusema karatasi zao ziko wapi?

Nilitaka kuzungumzia hakimiliki, lakini muda umekwisha. Shikeni hili tu, kwamba kununua karatasi hakukupi haki ya kuuchapa mchoro. Masanduku yainuliwe kutoka sakafuni leo hii. Skana nimekuja nayo, ipo kwenye meza ile ya mlangoni, na kila aliyebeba ukurasa wake apange foleni tuanze.