Pua Hupimwa Ukutani: Magari ya Mbio ya Chipukizi na Ajali Zake

CHEBET: Hamjambo wasikilizaji. Leo tumerekodia hapa Nakuru, kwenye karakana ya Baba Neema, kwa hiyo mkisikia nyundo msishtuke, ni jirani ananyoosha mlango wa probox. Baba Neema, habari za kazi?

BABA NEEMA: Nzuri, dada Chebet. Kazi ipo, tunamshukuru Mungu.

CHEBET: Kuna mama wa Njoro ametuandikia. Binti yake ana miaka 15, ameendesha gokati, vile vigari vidogo vya mbio, miaka mitatu, na sasa kuna timu ya ng'ambo imemwalika ajaribu gari la Formula 4, gari la mbio la kiti kimoja la chipukizi. Mama anauliza jambo moja tu: hilo gari likigonga, mtoto atatoka mzima?

BABA NEEMA: Ni swali zito. Na ameuliza mapema, kabla ya kulipa. Hongera mama.

CHEBET: Tuanze na tofauti. Gokati haina mkanda. Ikibingirika, dereva anatupwa nje, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa, maana hakuna kitu cha kumkinga akibaki ndani. Gari la kiti kimoja ni kinyume kabisa. Dereva anafungwa mikanda mpaka hawezi kugeuza bega, ndani ya ganda la kaboni. Mbele ya ganda kuna pua. Kazi ya pua ni kusagika. Ganda lenyewe halitakiwi kuvunjika hata kidogo.

BABA NEEMA: Kwa hiyo pua inakufa ili mtu apone.

CHEBET: Ndivyo. Na kabla gari halijaruhusiwa mashindanoni, pua inagongeshwa ukutani mbele ya wakaguzi wa FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, wanapima inavyosagika. Lakini Baba Neema, ukuta ni bapa, umesimama wima, hauna kona. Kule barabarani, unagonga nini?

BABA NEEMA: Nikuambie kitu ninachokiona hapa. Gari dogo likiingia chini ya trela kule Salgaa, linaletwa hapa kwa breki dauni. Nafungua boneti: redieta haijapasuka, injini imekaa palepale, bampa ina mkwaruzo tu. Lakini paa limekatwa kama kifuniko cha mkebe. Ile sehemu ya mbele iliyotengenezwa ibonyee haikuguswa kabisa. Kilichopokea kishindo ni kioo, na baada ya kioo ni mtu.

CHEBET: Sasa shika hapo hapo. Tarehe 16 Aprili 2017, uwanja wa Donington Park, Uingereza. Billy Monger, kijana wa miaka 17, yuko kwenye mbio za Formula 4. Mbele yake kuna gari limekwama, na wenzake wanaolikwepa wanamziba asilione. Anakuja kuliona akiwa hana pa kwenda. Pua yake inaingia nyuma ya lile gari.

BABA NEEMA: Nyuma kule kuna giaboksi.

CHEBET: Giaboksi, chuma cha kubeba magurudumu, vitu vigumu na vyembamba. Hakuna ukuta bapa pale. Sehemu ya mbele ya ganda, ambako miguu ya dereva inakaa, ikaharibika. Waokoaji walichukua kama saa moja na nusu kumtoa. Alipoteza miguu yote miwili.

BABA NEEMA: Miaka kumi na saba. Huyo ni mtoto wa kidato cha tatu.

CHEBET: Ndiyo. Na nataka mama wa Njoro ajue pia kwamba Billy alirudi. 2018 aliendesha Formula 3 ya Uingereza akitumia vidhibiti vya mikono, na 2019 akashinda Pau, Ufaransa. Lakini mimi naamini funzo kubwa liko kwenye lile ganda. Gari lilikuwa limepita majaribio yote yaliyotakiwa. Majaribio yenyewe ndiyo hayakuwa yameuliza: je, likigonga kitu kisicho bapa?

BABA NEEMA: Gari moja haliwezi kuwa salama peke yake. Lazima liwe salama pamoja na lile litakalogongana nalo.

CHEBET: Na ubavuni ni vigumu zaidi. Mbele una pua ndefu ya kusagika. Ubavuni, kati ya ukuta wa gari na nyonga ya dereva, nafasi ni ndogo mno. Agosti 31, 2019, Spa, Ubelgiji, mbio za Formula 2: Anthoine Hubert aligonga kizuizi, gari lake likarudishwa njiani. Juan Manuel Correa akamjia kwa kilomita 218 kwa saa, karibu pembe mraba. Hubert alifariki. Correa aliumia vibaya miguu. Ganda lile lilikuwa na halo, ule upinde wa kukinga kichwa, na lilikuwa la kisasa. Lakini baada ya kizuizi lilipigwa mara ya pili, tena ubavuni.

BABA NEEMA: Pole kwa familia. Na spidi watu huwa hawaielewi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kishindo hakiongezeki mara mbili.

CHEBET: Ni mara nne. Kutoka 100 hadi 200, nishati inayotakiwa kumalizwa ni mara nne, na pua ni ileile.

BABA NEEMA: Hii halo ndiyo ule mhimili uliopita mbele ya uso?

CHEBET: Ndiyo, ni upinde ulioshikwa na gari sehemu tatu, kama kigoda cha miguu mitatu. Ilianza Formula 1 na Formula 2 mwaka 2018, Formula 3 mwaka uliofuata. Magari ya Formula 4 ya kizazi cha pili, yaliyoingia Uingereza na Italia 2022, yanayo. Ya kizazi cha kwanza, ya 2014, hayakuwa nayo. Mwaka 2009 Henry Surtees, miaka 18, aliuawa na gurudumu lililochomoka kwenye gari la mwenzake pale Brands Hatch. Hakukuwa na kitu juu ya kichwa chake isipokuwa helmeti. Kwa hiyo mama, swali la kwanza kwa timu: gari ni la kizazi gani?

BABA NEEMA: La pili nitaliuliza mimi. Hilo ganda limewahi kugonga?

CHEBET: Eleza kwa nini.

BABA NEEMA: Bati linasema ukweli. Likipigwa, linabonyea, unaona. Kaboni na faiba ni matabaka yaliyogandishwa kwa gundi. Yanaweza kuachana ndani huku juu kumenyooka na rangi inang'aa. Hapa nina ubavu wa boti ya faiba, mtu wa Naivasha aliniletea, alikuwa ameuziwa akiambiwa haijawahi kuguswa. Sikiliza sarafu ya shilingi ishirini.

(Anagonga: sauti kali, fupifupi.)

BABA NEEMA: Hapo ni pazima. Nasogea kiganja kimoja kulia.

(Anagonga: sauti nzito, imekufa.)

CHEBET: Lo! Na kwa macho ni palepale.

BABA NEEMA: Pitisha kidole, hutahisi kitu. Ndani pameachana, upana wa sahani. Kwa boti, maji yataingia polepole. Kwa ganda la mtoto, litapasuka siku ambayo halitakiwi kupasuka.

CHEBET: Timu kubwa zinapima kwa mawimbi ya sauti, wana mashine. Lakini sarafu bado inatumika, hata kwenye ndege.

BABA NEEMA: Kwa hiyo aombe kumbukumbu za lile ganda: liligonga lini, lilikarabatiwa na nani, nani alilipima baadaye na karatasi iko wapi. Timu ikisema usijali mama, hapo ndipo ajali.

CHEBET: Mimi naongeza uwanja wenyewe. Mwaka huohuo wa 2019 pale Monza, Alex Peroni alipanda kabu iliyotuna, yaani ukingo wa njia, gari lake la Formula 3 likaruka hewani na kuangukia juu ya vizuizi, akavunjika pingili ya mgongo. Gari lilifanya kazi yake. Kilichomrusha ni kabu.

BABA NEEMA: Sasa tunamwambia nini? Aende au asiende?

CHEBET: Binti akae kwanza kwenye kiti, afungwe mikanda, kisha saa ianze. Ajaribu kuchomoa usukani na kutoka mwenyewe, helmeti kichwani. Mama asimame pembeni ahesabu. Kama timu haina muda wa kufanya hivyo kabla injini haijawashwa, arudi na mtoto wake Njoro.

BABA NEEMA: Na kabla ya safari apitie hapa karakana. Nitamfundisha binti kugonga kwa sarafu, hii hii ya shilingi ishirini. Aende nayo mfukoni.