"Serikali Imekupa Ngapi?" Haya, Najibu

Habari zenu jamani. Leo sipiki wala siwatembezi madukani. Niko garini, hita imewaka, na huo uzio mnaouona nyuma yangu ndio wa kile kiwanja tunachotaka kununua, kinachopimwa sumu. Tangu niweke ile video ya mashine ya kutoboa ardhi, swali ni moja tu: "Kaka, serikali ya huko imekupa ngapi?"

Sijapewa hata senti. Najua, nikisema nimepata, najigamba, nikisema sijapata, "si urudi nyumbani." Wacha niseme ilivyo.

Chama chetu hapa Ohio, Marekani, kina watu 14, wengi wetu wa Mombasa na Kilifi. Tumechoka kukodi kumbi za watu kila kukiwa na harusi au matanga, tukaona tununue kiwanja tujenge. Hiki kilikuwa bei ya kutupa, na hapo ndipo ningeshtuka. Palikuwa na kiwanda cha kupaka bampa za magari kromu, ile ya kung'arisha chuma, na mabaki yake yanaweza kuwa sumu ardhini.

Sasa sikilizeni. Kuna sheria ya 1980 inayoweza kumbana mwenye ardhi wa leo alipie kusafisha sumu iliyomwagwa na mtu aliyekwisha kufa. Kinga ya mnunuzi ilikuja 2002, na huipati usipochunguza kabla ya kununua. Lakini nani atoe maelfu kuchunguza kiwanja ambacho huenda asikichukue? Ndiyo maana kuna ruzuku za EPA, shirika lao la mazingira. Haziji kwangu wala kwako. Zinakwenda kwa miji, kaunti, majimbo, makabila ya wenyeji na mashirika yasiyo ya faida. Sheria ya miundombinu ya 2021 iliongeza dola bilioni 1.5, na viwanja vya namna hii EPA wanakadiria ni zaidi ya 450,000. Piga hesabu: dola 3,300 hivi kila kimoja.

Awamu ya kwanza ya uchunguzi hakuna kuchimba. Ni makaratasi: ramani kuukuu za bima ya moto, picha zilizopigwa na ndege, kuwahoji majirani. Mzee mmoja wa mtaa huu ndiye aliyesema nyuma palikuwa na shimo la kumwagia maji machafu. Hiyo tulilipa wenyewe, dola 200 kila mtu, jumla 2,800.

Hapa ndipo roho yangu inapouma. Sehemu kadhaa za ripoti ile zinachacha baada ya siku 180. Ofisi moja, siitaji, ikalalia faili letu hadi siku zikapita. Kisa? Ukurasa mmoja haukuwa na sahihi. Sahihi! Simu yangu wanayo. Tukalipa tena kuihuisha, na kwenye kundi la WhatsApp mwenzetu mmoja akaandika kwamba mweka hazina amekula. Mweka hazina ni mimi. Na huyo mtu nilimpokea uwanja wa ndege, akalala kwangu miezi minne. Najua unatazama.

Awamu ya pili ndiyo ile mashine. Hapo tuliingizwa kwenye ruzuku ya serikali ya mtaa, hela zikaenda moja kwa moja kwa kampuni ya wahandisi. Udongo na maji ya chini vimetiwa chupani, vimepelekwa maabara. Na ni hela za kupima tu! Kusafisha kuna ruzuku nyingine na foleni nyingine.

Kuna aliyeandika kwamba Wazungu wanapoteza muda na mchanga. Ndugu yangu, mimi ni wa Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru uliochafuliwa na kiwanda naujua. Phyllis Omido, mwanaharakati wa huko, alijua kuna sumu ya risasi, yale madini ya kwenye betri, baada ya kupimwa damu ya mwanawe. Kiwanda kilikuwa cha kuyeyusha betri kuukuu. Mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na kesi ikazungushwa hadi Mahakama ya Juu. Afadhali mchanga upimwe kabla ya mtoto.

Lakini haya ni yetu sisi, kwenye kiwanja hiki. Jimbo lako lina mambo yake, mimi si wakili, usiuze shamba la mzee kwa ajili ya video yangu.

Majibu tumeambiwa wiki tatu. Kromu ikionekana kwenye maji, tunarudi kukodi ukumbi, na mwezi wa nane tuna harusi.