Jiko Mwanga, Ghala Tabora

Mmeniita nizungumzie tovuti kukaa kwenye seva moja, yaani kompyuta inayoihudumia, na kanzidata yake, ghala la taarifa zake, kwenye nyingine. Baadhi yenu mmeshanisikia nikililia jambo hili. Vumilieni, maana tovuti zinazojikokota bado naletewa kila wiki.

Mchukueni mama lishe wa hapa Mwanga, Kigoma. Jiko liko hapa, ghala lake liko Tabora. Mteja kaagiza wali na migebuka. Mama anamtuma kijana apande treni akalete mchele. Karudi. "Haya, kalete chumvi." Treni tena. Karudi. "Na mawese je?" Mawese, Kigoma hii hii, yametunzwa Tabora! Mnacheka, lakini ndivyo programu zenu zinavyofanya. Kosa kubwa hapo si ghala kuwa mbali, ni kijana kutumwa bila orodha.

Na mimi nimeshalifanya. Nilimtengenezea mfanyabiashara mmoja tovuti ya bidhaa zake. Tovuti niliiweka Dar es Salaam, kanzidata nikaipeleka Frankfurt, eti kwa sababu nilipata bei nafuu. Kwenye laptopu yangu, vyote vikiwa ndani ya mashine moja, ukurasa ulikuwa unafunguka kufumba na kufumbua. Nikaenda dukani kwake kujitapa. Akabonyeza. Tukasubiri. Akampa mtoto kiberiti, akapokea hela, akageuka: bado. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, imezima?"

Nikarudi nyumbani nikahesabu. Ukurasa mmoja ulikuwa unaiuliza kanzidata mara 61: mara moja kupata orodha ya bidhaa 60, halafu bei ya kila bidhaa kivyake. Swali kwenda Frankfurt na jibu kurudi ni milisekunde 160. Zidisheni wenyewe. Karibu sekunde 10! Nikaandika swali moja linalounganisha jedwali la bidhaa na la bei, ile JOIN mnayoikwepa darasani. Safari 61 zikawa moja, na sikutoa hata senti.

Kuna anayenong'ona pale nyuma: nunua intaneti yenye kasi. Kaka, mwanga, si huu mtaa wetu, mwanga wenyewe, ndani ya nyuzi za mkongo unakwenda kilomita kama 200,000 kwa sekunde, na haupokei rushwa. Bando kubwa linapanua barabara. Frankfurt inabaki pale pale.

"Mbona makampuni makubwa yanatenganisha?" Yanatenganisha, na yana sababu. Wageni wakifurika unaongeza seva za tovuti, tatu, nne, zote zikisoma kanzidata moja, na hakuna anayemnyang'anya mwenzake kumbukumbu ya mashine. Lakini mashine hizo zinakaa jengo moja, safari haifiki hata milisekunde moja. Wenzenu wametenganisha vyumba, ninyi mnatenganisha mabara.

Na mikongo inakatika. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mwenye tovuti Dar na kanzidata ng'ambo alikuwa na duka lililo wazi, rafu tupu.

Naona naoneshwa saa. Haya, haraka. Poti 3306, mlango wa programu ya kanzidata iitwayo MySQL, msiifungulie dunia nzima. Kwenye faiawoli, ule ukuta wa ulinzi wa seva, ruhusuni anwani ya seva ya tovuti yenu, basi. Mtumiaji mliyemsajili kwa localhost, yaani ndani ya mashine ile ile, haruhusiwi kuingia akitokea mashine nyingine, ndiyo maana mnakataliwa na nywila ni sahihi, halafu mnanipigia simu usiku. Washeni TLS, inayofunga mawasiliano kwa siri, la sivyo majina na namba za wateja zinapita njiani uchi. Muunganisho ukishafunguliwa utumieni tena, kubisha hodi nako ni safari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, someni. Nakala rudufu... hapana, hiyo inataka siku yake.

Wewe wa fulana ya njano, uliyekuwa unatikisa kichwa tangu mwanzo: lete hiyo laptopu hapa mbele. Tuhesabu ukurasa wako unauliza mara ngapi.