Mwaka Mmoja Ujerumani na Watoto: Pesa Inavujia Wapi?

JUMA: Karibu tena msikilizaji. Leo nambana maswali dada Mwanaidi, maana yeye na shemeji waliishi Bonn na watoto wawili mwaka mzima kwa posho ya masomo ya mtu mmoja. Dada, wengi wanaotuandikia wanataka kujua unga unapatikana wapi.

MWANAIDI: Unga upo, kaka Juma, tutaufikia. Lakini familia haiishiwi hela kule kwa sababu ya ugali. Inaishiwa kwa vitu vinavyokatwa benki kila mwezi bila wewe kushika noti mkononi: kodi ya nyumba, joto la nyumba, bima ya afya, nauli, simu. Hivyo usipovipanga mwezi wa kwanza, utajinyima nyama mwaka mzima na bado hela haitabaki.

JUMA: Basi tuanze na kodi.

MWANAIDI: Kodi ya kwenye tangazo mara nyingi siyo utakayolipa. Juu yake kuna maji, taka, usafi wa ngazi, na joto. Uliza jumla ya vyote. Kisha kuna dhamana: sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai hadi kodi ya miezi 3, ile kavu isiyo na nyongeza. Na sheria hiyohiyo inakupa haki ya kuilipa kwa mafungu 3 ya kila mwezi. Wageni wengi hawalijui hilo, wanakopa ili walipe yote siku ya kwanza.

JUMA: Na hilo joto?

MWANAIDI: Hapo ndipo penyewe! Unalipa kila mwezi kwa makadirio, halafu mara moja kwa mwaka inapigwa hesabu ya mlichotumia. Mkizidisha, mnadaiwa tofauti kwa mkupuo. Sasa chini ya dirisha kuna chuma cha joto chenye kirungu cha kuzungusha, namba 1 hadi 5. Namba 3 ni kama nyuzi 20 hivi. Mtu ametoka Dar, ameingia anatetemeka, anazungusha hadi 5 akidhani chumba kitapata moto haraka zaidi. Wapi! Namba ile inaamua tu joto likomee wapi, kwa hiyo chumba kinapitiliza na hela inaondoka nayo.

JUMA: Kwa hiyo mnafunga madirisha kabisa?

MWANAIDI: Hapana, kaka! Unafungua wazi, dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, huku joto umelizima. Halafu unafunga. Ukiacha dirisha limeinamishwa, wazi kidogo upande wa juu, mchana kutwa, unapasha joto mtaa wa nje. Na usipofungua kabisa, mvuke wa sufuria, wa kuoga, wa nguo za watoto mlizoanika ndani, wote unakwenda kwenye kona na kuota ukungu mweusi. Ukungu ni maradhi ya kifua kwa mtoto, na gharama za kuusafisha unaweza kudaiwa wewe.

JUMA: Nauli je?

MWANAIDI: Kuna tiketi ya mwezi ya nchi nzima, mabasi na treni zote za kawaida, siyo zile za kasi. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, mwaka 2025 ikawa 58, 2026 ikawa 63. Mtoto chini ya miaka 6 hana nauli. Ila tiketi hiyo inajirudia yenyewe kila mwezi hadi uisitishe. Na kuna ada ya redio na televisheni ya umma, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Barua yake ikija usiitupe ukidhani ni tangazo.

JUMA: Haya, sasa unga.

MWANAIDI: (anacheka) Unga wa duka la Waafrika ni ghali. Wa kila siku tulitumia polenta ya dukani: ni mahindi, ugali unatoka wa njano, watoto wakazoea. Bamia, maharage na gunia la mchele tulichukua kwa Waturuki. Nguo za baridi tulipata kwenye magulio ya nguo za watoto zilizotumika, yanayofanyika majira ya kuchipua na ya vuli, kwenye kumbi za makanisa na shule za chekechea. Koti zuri kabisa kwa bei ya mkate na maziwa. Na chupa! Chupa ya plastiki ya kutumika mara moja ina amana ya senti 25, unayorudishiwa ukirudisha chupa. Mwanangu wa pili ndiyo ilikuwa kazi yake: anaitumbukiza kwenye mashine ya dukani, mashine inaizungusha, inaisoma, inaimeza, mwisho anabonyeza kitufe kinatoka kikaratasi. Anakipeleka kaunta kwa kujidai!

JUMA: Na simu za nyumbani, dada? "Mko Ulaya, tukumbukeni."

MWANAIDI: Hilo linaniuma, kwa sababu wanaopiga hawana kosa. Yuro moja ni zaidi ya shilingi 2,500 za Tanzania. Ndugu anazidisha posho, anaona mali. Sisi tulikaa na wazee kabla ya safari tukawatajia kodi ya nyumba kwa shilingi. Baba akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe mnakwenda kusoma, hamwendi kuchuma." Tukakubaliana ada ya mdogo wangu na dawa za mama mkwe. Hizo hazikukosa hata mwezi mmoja.

JUMA: Kuna kitu mlikataa kukibana?

MWANAIDI: Watoto kuchangamana na wenzao. Shule ya umma hailipiwi, lakini kuna safari za darasa, kuna sikukuu za kuzaliwa. Mtoto akialikwa anakwenda, na zawadi ndogo mkononi. Lugha waliipatia huko.

JUMA: Na siku za kuondoka?

MWANAIDI: Anza miezi 3 kabla, maana notisi ya nyumba kwa kawaida ni hiyo. Sitisha tiketi, simu, ada ya televisheni, kila kimoja kwa maandishi. Na akaunti ya benki usiifunge haraka. Dhamana inaweza kuchukua miezi kurudi, mwenye nyumba anasubiri hesabu ya joto.