Baiskeli Nyuma ya Kabini: Mazungumzo na Madereva wa Masafa Marefu, Lubumbashi

Ba papa, ba mama, bandugu madereva, jambo yenu.

Nimeombwa niongee juu ya mazoezi, na yangu ni ya baiskeli unayosafiri nayo kwenye lori, na naona wengine mmeshaanza kuangalia saa. Basi twende moja kwa moja Kasumbalesa. Kutoka hapa mjini mpaka pale, mpakani na Zambia, ni kama kilomita 90. Lakini nani humu hajawahi kulala kwenye foleni ile, gari likisogea urefu wa trela moja kisha kimya mpaka jioni? Watu husema usukani ndio unaotuharibu. Mimi nasema foleni ndiyo inayotumaliza. Barabarani angalau unapigana na mashimo. Kwenye foleni unakula michopo, ile nyama ya kuchoma, unateremsha na soda, unalala, unaamka unakula tena.

Misuli ya nyuma ya mguu, chini ya goti, ndiyo inayosaidia kusukuma damu irudi moyoni. Ukikaa saa nyingi bila kuichezesha, damu inatuama, miguu inavimba, na kuna wakati damu inaganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likisafiri mpaka kwenye mapafu linaweza kuua. Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, usikubali kukandwa, na baiskeli iache kwanza. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Presha nayo haibishi hodi, basi ipimwe hata kama unajisikia mzima.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani ule wa kuhema huku bado unaweza kuongea. Wengi wetu huanza pushapu Jumatatu, Alhamisi tumesahau. Baiskeli inadumu kwa sababu ina kazi. Wakala wa forodha anataka karatasi, maji yamekwisha, unatamani bukari (ugali) ya moto kwa mama fulani kilomita mbili nyuma: badala ya kumlipa wa pikipiki, unakanyaga mwenyewe. Mazoezi yameisha na hukuyahesabu.

Sasa, inakaa wapi? Anayebeba shaba ataniambia: trela lina nafasi tele. Kweli, tani 30 za shaba hazifiki hata mita nne za ujazo, ndiyo maana mzigo unaonekana mdogo na ekseli zinalia. Lakini turubai likishafungwa na muhuri wa forodha ukawekwa, baiskeli iliyo ndani ni ya kuaga. Ukivunja muhuri kwa ajili yake, utaeleza mpaka uchoke.

Isimamishe nyuma ya kabini, ifunge kwa mipira ya tyubu kuukuu, fremu kwanza, magurudumu baadaye. Hapo angalia mambo mawili. Ukikata kona kali, pembe ya trela inakaribia kabini, kwa hiyo legeza nati ya usukani wa baiskeli uulaze sambamba na fremu, usije ukasagwa. Na mipira ya upepo wa breki isiguswe kabisa. Pedali inayoisugua kutoka Kolwezi mpaka hapa inaweza kuitoboa. Kama ekzosi yako imesimama pale nyuma, tafuta upande mwingine, tairi litaiva. Ile ya kukunja inaingia kabini, mbele ya kiti cha abiria, lakini ifungwe. Ukikanyaga breki ghafla itaruka. Wenye matangi ya mafuta au asidi, kabini tu, msitundike kitu kwenye tangi.

Beba risiti ya baiskeli. Mpakani, kitu kisicho na karatasi kinageuka bidhaa.

Tena, Kongo tunapita kulia, Zambia wanapita kushoto. Ndani ya lori unafuata gari la mbele, hupotei. Juu ya baiskeli, asubuhi ya kwanza ng'ambo, mwili wenyewe unakupeleka upande wa Kongo, na lori la mwenzako linakuja. Usiku usipande kabisa. Nyinyi ndio mnajua dereva anaona nini gizani: hakuna.

Kiti cha baiskeli kipandishwe mpaka kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini, mguu unyooke. Wengi wanakanyaga kama wamechuchumaa, halafu wanalaumu magoti.

Papa wa kule nyuma anauliza: gari nimwachie nani? Swali zuri kuliko hotuba yangu. Mwenye msaidizi, mwachie. Aliye peke yake apatane na jirani wa foleni anayemfahamu, mmoja aende, mmoja alinde magari yote mawili, kisha mbadilishane. Ukikosa mtu, zunguka palepale, usiende mbali mpaka trela lipotee machoni. Na funguo za lori ziwe mfukoni mwako.