Utafiti Wenye Jibu Mkononi: Mradi wa RATE na Umri wa Dunia

MCHUNGAJI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mwalimu, leo tulikubaliana kwamba hatutabishana kama dunia ina miaka elfu sita au mabilioni, bali tutatazama namna Wakristo wanaoshikilia hiyo elfu sita wanavyofanya utafiti wao. Tuanzie wapi?

MWALIMU: Tuanzie kwenye mradi ulioitwa RATE, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "radioisotopi na umri wa dunia", Mchungaji. Mwaka 1997, taasisi ya Kimarekani iitwayo Institute for Creation Research, iliyoasisiwa na mhandisi Henry Morris, ilishirikiana na Creation Research Society kukusanya wanafizikia na wanajiolojia wenye shahada za uzamivu, ili wachunguze miamba ambayo wanasayansi wengine huipimia umri kwa kuvunjika kwa atomi za urani zinazogeuka kuwa metali ya risasi. Kazi hiyo ilichukua miaka minane, na juzuu ya mwisho ya matokeo ilitoka mwaka 2005.

MCHUNGAJI: Kwa hiyo walikuwa na maabara na vipimo, si mahubiri peke yake.

MWALIMU: Vipimo walikuwa navyo. Mfano wanaoupenda zaidi ni wa chembe za zirkoni, madini yenye urani ndani yake, ndogo kama vumbi la mchanga, zilizotolewa kwenye kisima kirefu kilichochimbwa katika mwamba wa graniti huko Fenton Hill, New Mexico. Urani inapovunjika huacha gesi ya heli, na gesi hiyo huvuja polepole kutoka ndani ya chembe. Mwanafizikia wa mradi huo, Russell Humphreys, alihesabu kiasi cha heli kilichobaki na kasi ya kuvuja kwake, akapata miaka 6,000, ikiongezeka au kupungua kwa 2,000, ilhali urani na risasi za chembe hizo hizo zinaonyesha miaka bilioni moja na nusu. Wakosoaji wake walihoji hasa namna alivyokadiria historia ya joto la mwamba ule, maana heli huvuja haraka au polepole kulingana na joto.

MCHUNGAJI: Tuseme hesabu yake imesimama. Ile urani iliyokwisha kuvunjika inakwenda wapi?

MWALIMU: Hapo ndipo ninapowaheshimu, ingawa sikubaliani nao. Hawakuikana. Waliandika wazi kwamba miamba ina dalili za uvunjikaji ambao, kwa kasi ya leo, ungehitaji zaidi ya miaka milioni 500. Wakasema basi kasi iliongezeka mno wakati wa Uumbaji na wakati wa Gharika. Lakini kila atomi inapovunjika hutoa joto, na joto la mamilioni ya miaka likibanwa ndani ya mwaka mmoja wa Gharika lingetosha kuyeyusha gamba la dunia na kuchemsha bahari hadi zikauke.

MCHUNGAJI: Na safina ikiwa juu ya maji hayo hayo!

MWALIMU: Tena si maji tu. Miili yetu ina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hutoa mionzi. Ukiharakisha kila kitu, mionzi ingetoka ndani ya mwili wa Nuhu mwenyewe na wa kila mnyama aliyekuwa naye. Tatizo hilo nalo walilikiri katika kitabu chao, pamoja na lile la joto.

MCHUNGAJI: Kwa nini basi hawakurudi nyuma na kuuliza upya swali la umri?

MWALIMU: Kwa sababu ya mpangilio wa vipaumbele vyao, nao hawaufichi. Shirika la Answers in Genesis, lenye msimamo huo huo na jumba la makumbusho huko Kentucky, Marekani, limetangaza katika ungamo lake la imani kwamba hakuna ushahidi wowote unaoweza kuwa halali ukipingana na Maandiko. Kwao kitabu cha Mwanzo ni kipimo, na mwamba ndio unaopimwa. Kwa hiyo joto likizidi, linaloandikwa ni kwamba maelezo bado hayajapatikana, au Mungu aliingilia kati. Umri wenyewe hauguswi.

MCHUNGAJI: Mimi kama mchungaji naielewa hofu iliyo nyuma ya hilo. Kurt Wise, mwanasayansi anayeshikilia elfu sita hiyo hiyo ingawa alipata uzamivu wa jiolojia Harvard chini ya Stephen Jay Gould, mtaalamu mashuhuri wa visukuku na mageuko, amesimulia kwamba alipokuwa kijana alichukua mkasi na Biblia, akakata kila mstari ambao usingeweza kuwa kweli iwapo mageuko ya viumbe ni kweli. Alipomaliza na kujaribu kuiinua Biblia, ilimpasukia mikononi. Mtu aliyeshika karatasi zile hawezi kuisoma grafu ya heli kama wewe unavyoisoma.

MWALIMU: Nakubali, na Wise alisema waziwazi kwamba hata ushahidi wote ungempinga angebaki na imani yake. Ninachodai ni uwazi wa namna hiyo hiyo makanisani mwetu. Kijana akiambiwa kwamba zirkoni zimethibitisha miaka elfu sita, aambiwe pia habari ya joto, kwa kuwa waliopima zirkoni ndio walioiandika.

MCHUNGAJI: Na miaka hii yote hawajapata jibu la joto hilo?

MWALIMU: Answers Research Journal, jarida la Answers in Genesis wenyewe lililoanza mwaka 2008, limechapisha makala ndefu zenye milinganyo zikilitafuta. Juma lijalo nitaleta moja tuisome pamoja, Mchungaji, kuanzia ukurasa wa kwanza.