Ukumbi Ulivyotunga Wimbo: Dansi la Dar es Salaam Miaka ya 1970 na 1980

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Mwambie mtu aliyekuwa kijana Dar es Salaam enzi zile akumbuke kumbi za starehe, naye ataanza kuimba. Hataji kiingilio wala mlango, ataimba tu. Na atakachoimba ni kile kilichopigwa redioni, ambacho hakilingani na kile alichokicheza ukumbini. Leo nataka tuongelee tofauti hiyo, maana ndani yake ndimo zilimojificha kumbi zenyewe.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na kiwanda cha santuri hakikuwapo. Wimbo ulirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Mpuliza tarumbeta akiteleza karibu na mwisho, wote wanarudi mwanzo. Mashairi nayo yalipitiwa kwanza na wakaguzi. Kwa hiyo kilichofika redioni ni wimbo uliokwisha kupunguzwa. Ukumbini wimbo huohuo ungeweza kuvuka dakika 15.

Urefu huo ulitoka wapi? Kwenye chemko. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mashairi: mwendo wa taratibu, waimbaji wawili watatu kwa pamoja, wachezaji wameshikana na masikio yako kwenye maneno. Kisha tarumbeta na saksafoni zinapiga kipande kifupi kama cha kufungua mlango, drams inabadilika, watu wanaachiana. Hiyo sehemu ya pili ndiyo chemko: gitaa la solo linashika kipande kidogo na kukirudia bila kuchoka. Gitaa la pili, sekondi solo, linajibu kwenye nafasi zilizoachwa wazi. Gitaa la rithimu linashona katikati. Besi na ngoma za tumba zinasukuma kutoka chini. Ukisikiliza vizuri utagundua hakuna gitaa linalopiga wimbo mzima peke yake. Ukitoa moja, lililobaki linasikika kama mtu anayeongea na simu.

Chemko haikuwa na mwisho ulioandikwa. Kiongozi wa bendi aliangalia sakafu. Watu wamejaa, anaongeza mzunguko. Wameanza kurudi mezani, anatoa ishara na tarumbeta zinafunga. Kipande cha solo kilichowainua watu wiki hii kilirudiwa wiki ijayo, na kilichowaacha wamekaa kilitupwa. Ndiyo maana nasema ukumbi ulitunga. Bendi iliyopeleka studio wimbo ambao haujapita sakafuni ilikuwa inabahatisha.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na jina la mtindo huo lilitajwa humo humo kwenye chemko. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha NUTA, ilikuwa na Msondo. Mlimani Park ilikuwa na Sikinde. Afro 70 ya Patrick Balisidya ilikuwa na Afrosa. Msondo na Sikinde ni majina ya ngoma za Wazaramo, yaani ngoma za wenyeji wa mji huohuo, zikavalishwa magitaa ya umeme.

Sasa usiku wenyewe. Bendi haikuanza na nyimbo zake kubwa. Saa ya kwanza ilikuwa ya kopi, nyimbo za watu wengine, na waimbaji wachanga walipewa nafasi wakati meza zinajaa. Waimbaji wenye majina walipanda baadaye. Mapatano ya kawaida yalikuwa pesa za mlangoni ni za bendi, za vinywaji ni za mwenye ukumbi. Mapatano hayo yalizaa mvutano wa kudumu. Mwenye ukumbi alitaka mapumziko marefu ili watu warudi kaunta, bendi ikataka sakafu isipoe. Mlangoni wizi ulikuwa rahisi: tiketi isiyochanwa inauzwa mara ya pili. Bendi yenye akili iliweka mtu wake pembeni ya mkata tiketi, kazi yake ni kuhesabu vichwa tu.

Bia ilikuwa hadithi nyingine. Katika miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980 hasa, baa isiyo na chupa tupu haikupata kreti mpya, hivyo chupa ilikuwa mali kuliko glasi. Ukumbi uliokaukiwa bia saa nne ulipoteza watu hata kama stejini kuna bendi kali.

Kuhusu sauti nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea wanaposema eti bendi za zamani hazikuwa na tyuni. Kumbi nyingi zilikuwa wazi juu au nusu wazi. Ala za kupuliza zikipata joto la pumzi, sauti yake hupanda. Nyuzi za gitaa zikipata joto la taa na vidole, hulegea na sauti kushuka. Mnaanza pamoja saa tatu, saa tano mmeshaachana. Mpuliza ana nafasi ndogo ya kurekebisha kwa kuvuta bomba la tarumbeta, kwa hiyo ni mpiga gitaa anayepaswa kumfuata. Umande ukishuka, ngozi ya tumba inavuta unyevu na kulegea. Mlio unageuka kuwa kama wa debe lililojaa, hadi ikazwe upya. Haya yote yalifanyika wimbo ukiendelea. Ukumbi uliozibwa kuta na kuezekwa bati ulikuwa na ugonjwa mwingine, mwangwi unameza maneno. Huko spika zikiwekwa nyuma ya maikrofoni, zinapiga mbinja. Dawa ni kuzisogeza mbele ya waimbaji, nao hapo hawajisikii vizuri. Hakukuwa na spika za kuwarudishia sauti yao kama leo.

Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 na Tanzania Transport and Taxi Services, naam, kampuni ya teksi, na mwaka 1983 ikahamia DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwanamuziki alilipwa mshahara, na akiondoka anaondoka na koo na vidole vyake. Lakini hivyo vilitosha. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwachukua waimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka pamoja na wenzao kutoka Mlimani Park, ikazaliwa International Orchestra Safari Sound na mtindo wa Ndekule. Ukumbi mmoja ulipoa, mwingine ukawaka, bila chombo hata kimoja kuhama.

Uhamaji huo ni zawadi kwa anayekusanya kumbukumbu. Una kanda isiyo na tarehe, unamsikia Gurumo na watu wanaitikia Sikinde? Hiyo ni kati ya 1978 na 1985. Usimtumie Bitchuka kwa kazi hiyo, kwa sababu baadaye alirudi Mlimani Park. NUTA Jazz ikijitaja JUWATA, jina jipya la chama chake cha wafanyakazi, basi ni baada ya vyama vya siasa vya TANU na ASP kuungana Februari 1977. Ikijitaja OTTU, jina lililofuata, tumeingia miaka ya 1990.

Ukimhoji mzee, usianze na swali la wimbo alioupenda. Muulize alirudije nyumbani. Mabasi ya UDA hayakumsubiri mcheza dansi, na daladala hazikuruhusiwa hadi mwaka 1983. Mtu wa Ilala au Magomeni alitembea kwa miguu hadi ukumbi wa karibu. White House ya Ubungo, walikokuwa bendi ya Maquis du Zaire, au Safari Resort ya Kimara zilihitaji gari, teksi, au moyo wa kusubiri alfajiri. Simba Grill ya Hoteli ya Kilimanjaro ilihitaji viatu na pesa. Jibu la swali hilo moja litakupa mtaa, kipato na bendi yake. Kisha muulize alivaa nini. Suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni hukumbukwa na mwaka wake.

Mwisho ni kanda zilizorekodiwa ukumbini kwa redio kaseti, ushahidi pekee wa chemko nzima. Ukiona vumbi jeupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Usiipige, utachafua hedi ya mashine na kanda zitakazofuata. Kagua kale ka-sponji kenye kitambaa kanakobana utepe. Kakidondoka, sauti inafifia. Kabla ya kupiga, izungushe yote mbele na nyuma mara moja, na uirekodi kwenye kompyuta palepale inapopigwa mara ya kwanza, maana huenda isikupe ya pili. Halafu angalia mwendo. Redio ya betri ilipoishiwa nguvu, mota ilizunguka polepole wakati wa kurekodi, hivyo leo kwenye mashine nzima sauti zinapanda na kukimbia kadiri kanda inavyosonga. Watu husikia wakasema bendi ilikuwa na kasi ya ajabu usiku ule. Linganisha besi ya mwanzo wa kanda na ya mwisho, halafu punguza mwendo taratibu hadi zilingane, ndipo uanze kuhesabu dakika za chemko.